Tunabadilisha editere, lakini ufunguo ubaki kwetu

Wandugu na wadada, vijana wenzetu wa Lubumbashi,

Leo hatuandiki juu ya barabara, wala juu ya uchaguzi. Tunaandika juu ya programu moja ambamo wengi wetu tunashinda ndani kuanzia asubuhi mpaka betri inaisha: editere, ile tunayoandikia kodi ya tovuti. Tuseme mapema ili wazazi wasiogope: kodi hii siyo ile leta inakuja kudai dukani. Ni maandishi ambayo mashini inasoma, ndipo inatoa ukurasa wenye rangi, picha na namba ya simu.

Mtu atauliza: harakati ya raia inaingilia nini mambo ya editere? Inaingilia juu kwetu Mitwaba kazi ya tovuti ni moja ya kazi chache ambazo kijana mwenye diploma anaweza kuanza bila kupitisha kitu chini ya meza. Haidai barua ya mjomba. Inadai mashini, kichwa, na usiku mrefu. Sasa kazi ya namna hiyo ikiingia mikononi mwa mtu mwingine bila sisi kuona, hilo ni jambo la raia.

Tuanze na yaliyotupata.

Tuko wanne. Wote tuko na diploma ya chuo kikuu, hakuna mwenye mshahara. Tuko na mashini mbili, na moja betri yake ilikufa zamani, haiwaki bila umeme. Mama mmoja wa jirani, mwenye duka la dawa, alituomba tumtengenezee tovuti: orodha ya dawa, saa za kufungua, kitufe cha kumwandikia kwa WhatsApp. Tukapatana dola 150. Akatanguliza 50.

Wakati ule kila mtu alikuwa anasifu editere mpya, moja inayofunguka ndani ya Chrome. Unaandika kwa Kifaransa unachotaka, yenyewe inakuandikia kodi. Walitoa siku kumi na nne za bure. Tukahama siku hiyohiyo, bila kuuliza swali. Na kweli kazi ilienda mbio: ukurasa wa kwanza ulitoka kabla ya chai kuisha. Tukaanza kuchekeana, tukiona tumechelewa sana kuijua.

Usiku wa kumi na nne, tumebakiza kidogo tu, ikatuandikia tuweke karti ya benki. Sisi pesa yetu inakaa kwa simu, karti hatuna. Tukamtafuta yaya mmoja anayefanya kazi, mwenye karti. Alipokubali, mtandao ukaanguka, na umeme ukakatika. Asubuhi tulipofika kwa mama, kazi yake ilikuwa kwenye seva ya mbali, nyuma ya malipo, na kwenye flashi yetu hakukuwa na faili hata moja.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu: «Batoto yangu, munasema kazi iko kule. Kule ni wapi? Na ufunguo iko na nani?»

Hatukuwa na jibu. Zile dola 50 zilikuwa zimekwisha kwa mega na kwa chakula. Tukamuomba siku kumi, tukaandika kila kitu upya kwa mkono. Alipokea tovuti yake, lakini badala ya 100 zilizobaki alitoa 60. Hatumlaumu. Na wale wenye editere hatutawataja jina, juu masharti yao yalikuwa yameandikwa, sisi ndio hatukuyasoma. Ila lile swali la mama tumeamua kulifanya msimamo wetu: kabla ya kuhamia chombo kipya, uliza kwanza ufunguo uko na nani.

Kuhama editere siyo dhambi. Sisi wenyewe tumehama mara nyingi. Wengi wetu chuoni tulianzia Dreamweaver, ile ya zamani ya Macromedia iliyonunuliwa na Adobe mwaka wa 2005. Tusidanganyane: ilikuwa ya kraki, imepita kwenye flashi kumi kabla ya kufika kwetu, imebeba virusi vya kila mtu. Kuanzia 2013 Adobe iligeuza programu zake mpya kuwa za abonema, za kulipa kila mwezi, na sisi tukabaki na toleo la kuiba ambalo hatukuweza hata kuliandika kwenye CV.

Tukahamia Brackets. Ilikuwa nzuri, ya bure, imetengenezwa kwa ajili ya tovuti. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 1 Septemba 2021. Wengine walihamia Atom ya GitHub. Nayo ilifungwa tarehe 15 Desemba 2022. Siku hizi wengi tuko kwenye Visual Studio Code ya Microsoft, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2015. Nayo siku moja itapita.

Angalieni lakini kitu kimoja. Brackets ilipokufa, hakuna tovuti yetu iliyokufa nayo. Atom ilipofungwa, faili zetu zilifunguka kwenye editere nyingine siku hiyohiyo. Kwa nini? Juu HTML na CSS ni maandishi ya kawaida. Ukurasa wa kwanza kabisa wa tovuti duniani, ule wa Tim Berners-Lee kule CERN wa mwaka wa 1991, mpaka leo unaweza kusomwa, na unaweza kufungua kodi yake kwa editere yoyote. Editere inaweza kufa, nyumba inaweza kubadilishwa, ikiwa vyombo vya ndani ni vyako na unaweza kuvibeba. Kilichotuangusha sisi haikuwa kuhama. Tulihamia nyumba ambayo vyombo haviwezi kutoka.

Kuna jambo la pili, na hili kila kijana wa Congo analijua kwa ngozi yake. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi karibu na tarehe 20 Januari 2019. Ni karibu siku ishirini. Kabla ya hapo, Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, ilikatwa pia. Kwa hiyo kwetu sisi, kuuliza kama editere inafunguka bila mtandao siyo swali la mafundi peke yao. Mtu anayeandikia kwenye editere ya mtandao tu, siku leta inafunga intaneti, imefunga na karakana yake. Anakaa kwenye kiti kama fundi seremala ambaye randa na nyundo vimefungiwa kwa polisi. Lakini mwenye editere ndani ya mashini yake, na faili zake kwenye dosie yake, siku hizo ishirini angeandika, angerekebisha, angejifunza. Siku mtandao unarudi, anapandisha kazi, basi.

Tatu ni makuta. Tuchukue mfano wa wazi. Cursor, moja ya editere zenye akili bandia zinazojulikana sana (siyo ile iliyotupata sisi), kiwango chake cha kawaida cha kulipia kimekuwa dola 20 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 240. Kazi ya mama ingekwenda vizuri, kila mmoja wetu angepata dola 37 na nusu. Hesabuni wenyewe. Hatusemi bei hiyo ni wizi. Kwa mtu mwenye mshahara wa Paris au wa San Francisco ni bei ya chakula cha mchana. Tunasema tu kwamba kwetu ni mzigo unaorudi kila mwezi, kazi ipo au haipo. Na sisi tunajua mizigo ya namna hiyo. Tunakumbuka RAM, siyo RAM ya mashini, ile nyingine iliyoanza Septemba 2020 kula inite za simu zetu, mpaka watu wakapiga kelele ikaondolewa mwaka wa 2022.

Betri ya mashini nyingi inabeba kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Congo. Hiyo tumezoea kuilalamikia: mali inatoka kwetu, ufunguo unabaki kwingine. Basi tusiijenge wenyewe, kwa mikono yetu, kwenye kodi pia.

Sasa tuhamie wapi? Sisi hatuuzi programu ya mtu. Tunasema tu tuliyoyajaribu.

Mwenye mashini yenye giga 4 za RAM au zaidi, na Windows ya karibuni au Linux, Visual Studio Code inamtosha. Ni ya bure, inafunguka bila mtandao, menyu zake zinaweza kuwekwa kwa Kifaransa. Inakula RAM, hiyo ni kweli; usiifungue pamoja na Chrome yenye kurasa ishirini. Inatuma pia habari za namna unavyoitumia kwa wenye kuitengeneza; ingia kwenye mipangilio, tafuta «telemetry», ifunge. Asiyetaka kabisa mambo hayo achukue VSCodium, ambayo inatengenezwa kwa kodi ileile ya wazi bila kutuma habari hizo.

Na hapa kuna siri ya kuokoa mega ambayo wengi hawaijui. Usipakue mara nne kwa watu wanne. Pakua mara moja ile ya zip, ifungue, weka ndani yake dosie inayoitwa «data»: inakuwa ya kubebwa, inatembea kwenye flashi pamoja na mipangilio yako. Ekstensio nazo zinapatikana kama faili za .vsix, mmoja anapakua, wengine wanachukua kwa flashi. Kisha zima kujisasisha kwenyewe, juu forfe ya wiki inaweza kuisha kwa toleo jipya ambalo hukuliomba.

Mwenye mashini ya zamani, ile iliyoletwa kati ya vitu vilivyotumika Ulaya, asione haya. Kama iko na Windows 7, Visual Studio Code mpya haitakubali. Tangu toleo la 1.71 la mwaka wa 2022 haifanyi kazi humo. Lakini Notepad++ ni ya mega chache tu na inawaka haraka. Kwa Linux kuna Geany, nyepesi vilevile. Tovuti ya mama tuliimaliza kwa sehemu kubwa kwenye Notepad++, kwa ile mashini yenye betri iliyokufa, umeme ukirudi.

Na kuna Vim. Hiyo ni ngumu siku za kwanza. Hata kutoka ndani yake watu wanatafuta mlango. Lakini tunaitaja juu ya historia yake. Aliyeitengeneza, Bram Moolenaar, Mholanzi, aliitoa mwaka wa 1991. Mwaka wa 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, akaona watoto waliobaki yatima. Tangu hapo programu yake ilibaki ya bure, na mtu anayeifungua alisoma ombi la kusaidia watoto wa Uganda. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Kwa hiyo chombo kinachotumiwa na mafundi wa dunia nzima kilikuwa kinawaonyesha kila siku kijiji kimoja cha jirani zetu, bila kumfungia mtu mlango. Inawezekana kutengeneza kitu kizuri namna hiyo. Tusikubali kuambiwa haiwezekani.

Tunajua kuna wenzetu wamekwisha kukasirika. Wanasema: «Munatuambia turudi nyuma. Kijana wa Nairobi na wa Kigali anatoa tovuti kwa siku mbili na akili bandia, nyinyi munataka tubaki tunatafuta alama za mabano kwenye AZERTY.» Wana haki. Kwenye AZERTY ya Kifaransa mabano ya kodi yanataka AltGr pamoja na kitufe kingine, vidole vinachoka. Na mteja hangoji. Anayekataa kabisa vyombo vipya atabaki na diploma yake ukutani.

Lakini tuwaambie tulichogundua tulipokuwa tunaandika upya. Kile kitufe cha WhatsApp, kwenye ile kazi ya kwanza, tulikumbuka kilikuwa na namba ambayo haikuwa ya mama. Mashini iliiweka ya mfano tu, kama inavyofanya ikikosa habari. Wanne, wote na diploma, hakuna aliyesoma ule mstari. Kama tungetoa kazi ile asubuhi ile, mgonjwa wa usiku angeandikia mtu asiyejulikana kuuliza dawa. Hapo ndipo tuliogopa kweli, kuliko juu ya zile dola.

Kwa hiyo hatusemi musitumie akili bandia. Itumieni kama msaidizi anayekuja nyumbani kwako, anafanya kazi, anaondoka, na vyombo vinabaki. Muulize, chukua jibu, lisome mstari kwa mstari, libandike kwenye faili iliyo ndani ya mashini yako. Mstari usioujua usiutoe kwa mteja. Kwa kijana anayeanza, tunasema zaidi: miezi ya kwanza andika kwa mkono. Anayeletewa maji kila siku hajui kisima kiko wapi.

Haya ndiyo tuliyoamua sisi vijana wa Mitwaba:

1. Editere yoyote mpya tutaipima kwanza kwa maswali manne: inafunguka bila mtandao? Inafunguka bila karti ya benki? Faili zinatoka zote na kufunguka kwingine? Siku ikifungwa, tunabaki na nini?

2. Hakuna kazi ya mteja itakayolala usiku mmoja bila nakala kwenye flashi, na flashi haikai kwa mtu mmoja.

3. Kraki basi. Zipo programu za bure na za halali. Hatuwezi kuandama dhidi ya wizi mchana na usiku tunafungua programu ya wizi.

4. Kila Jumamosi, umeme ukiwepo, tutakaa pamoja na yeyote anayetaka kuhama kutoka editere ya zamani. Aje na mashini yake ya namna yoyote. Asiye na mashini aje vilevile, atakaa pembeni ya mwenzake. Wadada hasa, musisubiri kualikwa mara mbili.

Na kwa wakubwa tuko na maombi matatu. Nchi yetu tangu tarehe 13 Machi 2023 iko na sheria yake ya mambo ya dijitali, Code du numérique. Ni vizuri. Lakini sheria peke yake haifundishi mtu. Tunaomba shule na vyuo vifundishe kwa programu ambazo mwanafunzi anaweza kwenda nazo nyumbani kwa halali, bila kraki. Tunaomba kwenye kila komini chumba kimoja chenye umeme wa hakika na meza, hata bila intaneti, ambapo vijana wanaweza kufanya kazi. Na tunaomba leta iahidi wazi kwamba haitakata tena intaneti siku za uchaguzi, juu siku hizo wanafunga midomo na wanafunga mikate pia.

Tumalizie kwa mama. Wiki iliyopita alituita: duka lake sasa linafungua hata Jumapili, anataka watu wajue. Tulikaa kwenye benchi mbele ya duka na ile mashini yenye betri nzima. Mtandao haukuwepo. Tukafungua faili, tukabadilisha mstari mmoja, akausoma mwenyewe kwenye kioo, akasema ndiyo. Jioni mtandao uliporudi tukapandisha. Alituomba kitu kimoja zaidi: nakala yake, kwenye flashi yake. Tukampa. Ameiweka kwenye droo, pamoja na funguo za duka.

Sisi vijana wa Mitwaba, Lubumbashi